Pampu Mbili za Mokambo

Mume wangu alipoondoka Lubumbashi kwenda Goma kumtoa mama yake, aliniachia vitu viwili vya kuangalia: depo yetu ya mchele na mafuta, na tangi la kioo la sebuleni. Depo niliijua kuliko yeye. Tangi sikuwahi hata kulilisha.

Lilikuwa tangi la maji ya chumvi, refu kama kitanda cha mtoto. Lilitoka kwa mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa amepanga nyumba upande wa Karavia. Mgodi alikofanya kazi ulipofungwa, aliuza viti, akauza mapazia, lakini tangi hakuna aliyelitaka. Nani katika mji huu, ulio mbali hivi na bahari, angejitafutia taabu ya maji ya chumvi? Mume wangu alikwenda kwake kununua friji. Alirudi na friji, na tangi, na samaki wachache, na mawe yaliyoota matumbawe.

"Hii haiko maua," aliniambia siku ile, mikono ikiwa ndani ya maji hadi viwikoni. "Iko nyama, inakula. Lakini haina miguu. Chakula yake inaletwa na mayi, na uchafu wake unabebwa na mayi. Mayi ikisimama, inakufa."

Alikulia kando ya ziwa Kivu. Nadhani mtu aliyezoea kuamka asubuhi akatazama maji hawezi kuridhika na ukuta wa jirani. Mimi pia ni mtu wa kule, lakini wa milimani, na ukuta wa jirani haukunisumbua.

Alikuwa bado hajamaliza wiki Goma, mji ukachukuliwa na waasi. Tulisikia redioni kwanza, kisha kwa simu za watu wa soko, kisha hatukusikia kitu tena. Uwanja wa ndege ulifungwa, mtandao ukakatika. Namba yake nilipoipiga, sauti ya yule mwanamke wa mashine iliniambia mteja hapatikani, kwa upole uleule anaokuambia nao kwamba salio limeisha.

Nyumbani nilikuwa na wifi yangu, dada yake mdogo, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Katuba. Aliacha kwenda kazini. Alikaa mezani na simu mbili mbele yake, akizigeuza, akizifuta kwa pindo la kitenge kana kwamba uchafu ndio uliozuia habari.

Katikati ya siku hizo, kati ya pampu mbili zilizosukuma maji ya tangi, ile ya kushoto ilikufa.

Sikujua kwamba imekufa. Niliona tu kwamba tumbawe moja la zambarau, ambalo kila siku lilinyoosha vidole vyake kwenye maji, limejikunja kama ngumi. Kesho yake kulikuwa na ute wa kahawia juu ya mchanga. Pampu ya kulia iliendelea kuzunguka lakini kwa kukohoa, na kila umeme ulipokatika na kurudi ilichelewa zaidi kuamka. Hizo zilikuwa siku ambazo umeme katika mtaa wetu ulikatika ulivyotaka.

Nilimwambia wifi kwamba nakwenda mjini kutafuta pampu. Aliinua uso.

"Pompe ya nini?"

"Ya samaki."

"Mama yangu eko katikati ya masasi ya vita," alisema polepole, "kaka yangu hatujue kama eko muzima, na weye uko unawaza samaki?"

Hata mwenyewe nilikuwa nimejiuliza hivyohivyo. Nilichojua ni kwamba yeye alikuwa na simu zake za kufuta, na mimi nisipopata la kufanya kwa mikono yangu nitapiga yowe. Na zaidi ya hapo kulikuwa na wazo ambalo sikulitamka: mume wangu akirudi akakuta tangi limeoza, ataelewa kwamba tulishamzika.

Mjini nilinunua pampu ya kwanza niliyoonyeshwa. Ilikuwa ya chemchemi za bustani, kubwa, nzito, na muuzaji aliisifu kwa nguvu zake. Nilipoitumbukiza na kuchomeka waya, ilirusha maji kama mtu anayemwaga ndoo. Mchanga ulipaa wote, samaki wakakimbilia nyuma ya mawe, na tumbawe moja lenye vinyama laini likachanika mbele ya macho yangu, vipande vikaelea. Nilichomoa waya nikakaa chini sakafuni. Haikuwa na kitu cha kuipunguza. Ilijua kazi moja tu, kusukuma kwa nguvu zote au kulala.

Ndipo nikaenda kwa mzee mmoja mwenye asili ya Kasai aliyekuwa na duka la betri na inverta karibu na depo yetu. Baba yake aliletwa Katanga na reli. Yeye alisomea umeme, akafundisha miaka mingi, kisha akafungua duka. Tulisalimiana kila asubuhi kwa miaka, lakini sikuwahi kumwomba chochote. Alikuja nyumbani na kipima umeme chake. Akalizunguka tangi, akatazama pampu iliyokufa, akainusa.

"Mama, hii imeungua. Na ile ingine iko njiani," alisema. "Lakini usinunue tena ya kuchomeka ku prise ya ukuta. Courant ikikatika, yote inasimama. Utafute ya volti kidogo, ya vingt-quatre, makumi mbili na ine. Ile inaweza kutumika na betri."

"Na ikuwe na réglage ya kuipunguza," nikasema. "Ile ya bustani imenipasulia nyama."

"Réglage ni lazima." Alifikiri kidogo. "Lakini miye najua courant tu. Bahari sijaiona. Utafute muntu wa bahari atuambie mayi inatembea namna gani."

Mtu huyo tulimpata Zambia. Katika simu ya zamani ya mume wangu kulikuwa na mazungumzo na mfuga samaki mmoja wa Kitwe, ambaye aliwahi kumuuzia chumvi ya bahari. Nilimwandikia. Alijibu siku hiyohiyo, kwa Kiswahili cha kuokoteza kilichochanganyika na Kibemba, akatuma picha za pampu alizokuwa nazo.

Ya kwanza ilikuwa ya Ulaya, nzuri, tulivu, yenye kila kitu. Ilikuwa nje ya uwezo wetu kabisa, maana akiba yote ilikuwa imewekwa kando kwa ajili ya safari ya mama mkwe, na hiyo sikuwa tayari kuigusa. Ya pili ilikuwa ya bei ya chini, na ilikuwa na kisanduku chenye vitufe vya kasi tatu tu: ndogo, kati, kubwa. Ya tatu nayo ilikuwa ya bei ya chini, ya kiwanda ambacho jina lake sikuweza kulitamka, lakini kisanduku chake kilikuwa na gurudumu dogo unalolizungusha kutoka mnong'ono hadi kishindo, na kitufe cha kufanya maji yaende na kurudi kama mawimbi, na kingine cha kuisimamisha kidogo wakati wa kulisha.

Tulikaa dukani kwa mzee, simu ikiwa juu ya betri ya lori, tukamuuliza mtu wa Kitwe swali moja baada ya jingine. Mzee alitaka kujua: umeme ukikatika ukarudi, pampu inakumbuka kasi uliyoiwekea, au inaamka na kishindo? Ile ya kasi tatu ilikuwa inaamka na kishindo. Ya gurudumu ilikumbuka. Mimi nilitaka kujua kama feni yake ndogo ikivunjika inapatikana peke yake. Ilipatikana. Halafu nikauliza kama pampu moja kubwa itatosha. Mtu wa Kitwe akasema hapana. Upepo wa upande mmoja unachosha mti. Weka mbili ndogo, zitazamane, maji yao yagongane katikati na yatawanyike, kila tumbawe lipate bila kupigwa.

Alikuwa na jozi yenye kisanduku kimoja cha kuendeshea zote mbili. Ilikuwa nafuu zaidi, naye aliisukuma sana. Nilikaribia kukubali. Kisha nikafikiria: kisanduku kimoja kikiungua, zote mbili zinakufa pamoja, na nitarudi palepale nilipo sasa. Nikamwambia ninataka mbili, kila moja na kisanduku chake. Mzee alitikisa kichwa kukubali, akaanza kunitengenezea waya wenye vibanio viwili vya kushika betri.

"Usilipe kabla ya kuona inazunguka," alisema. "Betri ya camion, lori yenu ya depo, iko vingt-quatre. Mutatia waya pale pale."

Barabara ya Kasumbalesa, mpaka mkubwa wa kuingia Zambia, ilikuwa imejaa malori yaliyosimama, watu wakisema foleni haisogei. Tukapatana kukutana Mokambo, mpaka mwingine mdogo. Dereva wetu wa depo alikuwa anakwenda huko kuchukua unga, nikapanda naye. Asubuhi niliyoondoka wifi hakuniaga. Nilimwonyesha jagi la plastiki nililokuwa nikikorogea maji ya tangi umeme ukikatika. Hakuligusa, hata kulitazama hakulitazama.

Mtu wa Kitwe alivuka kwa miguu na boksi begani. Alikuwa mtu wa makamo mwenye haraka. Tulijaribu pampu kwenye karai la mama mmoja muuza maji, zikazunguka, nikalipa, akanipa mkono akarudi upande wake. Dereva akaenda kusimamia unga wake. Nilibaki nimekaa juu ya boksi, nikijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mji uchukuliwe.

Afisa mmoja wa mpakani akaja na askari mwenye bunduki.

"Fungula."

Nikafungua. Alitoa pampu ya kwanza, akaigeuza. Ilikuwa nyeusi, duara, yenye vipanga vya feni vya plastiki ndani ya kitundu chake. Akatoa ya pili. Akatoa visanduku, akasoma alama za volti, akazungusha gurudumu kwa kidole gumba. Kisha akanitazama usoni.

"Hii ni hélice, kama ya ndege. Na hii ni commande ya kuiendesha."

"Ndiyo, papa. Iko pompe ya mayi."

"Pompe." Alirudia neno kama mtu anayeonja chumvi. "Weye ni muntu wa wapi? Kiswahili yako ni ya Est."

Nilielewa anachokiona. Nchi iko vitani, vindege visivyo na rubani vinaua watu, na mbele yake ameketi mwanamke wa Kivu aliyepokea kutoka ng'ambo motori ndogo zenye vipanga na mtambo wa kuziendesha. Wakati ule mtu wa mashariki alikuwa akitazamwa vibaya Lubumbashi hata akinunua nyanya. Kuna watu wetu waliochukuliwa kuhojiwa kwa kuwa tu walipokea simu nyingi.

"Niko wa Nord-Kivu," nikasema. "Niko hapa tangu miaka mingi. Tuko na depo."

"Bwana yako eko wapi?"

Ningeweza kudanganya. Niliona haraka kwamba uongo mmoja utahitaji wenzake.

"Eko Goma. Alienda kutafuta mama yake. Hatuna habari yake."

Askari alisogea hatua moja. Watu waliokuwa karibu walianza kujisogeza mbali, kama watu wanavyofanya wanapoona jambo ambalo halitakuwa zuri. Afisa akasema twende ofisini, nikasimama, na wakati huohuo simu yangu ikalia ndani ya kifua cha nguo yangu.

Niliitoa. Namba ilianza kwa msimbo wa nchi inayopakana na Goma, ileile ambayo redio zote zilikuwa zikiitaja kuwa ni adui.

Afisa aliiona kabla sijaificha. Iliita. Sikujua kama ni mume wangu au ni mtu wa kuniambia habari zake. Nilijua tu kwamba nikipokea nimejiweka hatiani, na nisipopokea huenda isilie tena.

"Jibu," alisema. "Na utie haut-parleur, nisikie."

Kidole changu kilikosa kitufe mara ya kwanza. Kisha sauti ikatoka, mbali, yenye mikwaruzo, na ilikuwa yake.

"Mama? Unasikia? Tumevuka. Niko na mama. Tumevuka kwa miguu, tuko huku, tuko bazima."

Nililia. Sikujaribu kujizuia. Afisa akachukua simu mkononi mwangu, si kwa kunyang'anya, akaisogeza mdomoni.

"Bwana, unaongea na muntu wa mpaka, Mokambo. Bibi yako eko hapa na ba moteurs mbili ya hélice. Unijibu: ni ya nini?"

Mume wangu hakujua lolote kuhusu pampu. Hakujua hata kwamba niko Mokambo. Kama angesema sijui, sielewi tungefika wapi. Nilisikia upepo kwenye simu yake, na mtoto wa mtu akilia.

"Ya hélice?" alisema hatimaye. "Kubwa namna gani? Kama ngumi?"

"Kama ngumi."

"Basi ni ya aquarium. Mama, pompe imekufa? Ni ile ya kushoto? Nilijua ile ya kushoto itakufa!" Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu aliyechoka sana. "Bwana mukubwa, tuko na samaki ya bahari ku nyumba. Usimukamate juu ya samaki. Nakuomba."

Simu ikakatika. Afisa akaitazama, akanirudishia.

"Samaki ya bahari," alisema. "Lubumbashi."

"Leta ndoo, papa," nikasema. "Nitakuonyesha."

Tulirudi kwenye lori. Mama muuza maji alilisogeza karai lake kwetu. Nilifunga vibanio vya mzee kwenye betri, nikaitumbukiza pampu, nikaweka gurudumu chini kabisa. Maji yakaanza kuzunguka taratibu, kama chai inayokorogwa. Nikamwambia azungushe mwenyewe. Alisita, kisha akazungusha, kwa pupa, hadi mwisho, na maji yakaruka nje ya karai yakamlowesha suruali hadi magotini.

Hakuna aliyecheka. Askari alitazama chini, midomo ameibana. Afisa alirudisha gurudumu polepole, maji yakatulia, akalipandisha tena, akalishusha. Alifanya hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kwa hivyo unaweza kuipunguza," alisema.

"Njo maana nilichagula hii."

Alijaza karatasi ya forodha, nikalipa ushuru, akanipa nakala. Alipokuwa anaondoka aligeuka. "Na mama mukwe wako," aliuliza, "eko na miaka mingi?" Nikamwambia ndiyo, ni mzee. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake na suruali yake mbichi.

Nilipofika nyumbani mchana wa kesho yake umeme haukuwapo. Nilisukuma mlango nikamkuta wifi yangu amesimama juu ya kigoda mbele ya tangi, mikono yote miwili imelowa hadi mabegani, anakoroga maji kwa jagi. Macho yake yalikuwa mekundu. Kaka yake alikuwa amempigia pia.

"Ilizimika tangu jana," alisema bila kuacha kukoroga. "Sikujua kama ni kuzungusha upande huu ao ule. Nilizungusha pande zote." Kisha akaketi juu ya kigoda, jagi likiwa mapajani. "Mama eko muzima."

"Nilimusikia," nikasema.

Tulishikana tukiwa tumelowa, tukakaa hivyo. Baadaye mzee wa betri alikuja, tukafunga pampu moja kila upande, juu kidogo ya mawe. Tulianza chini kabisa tukapandisha kidogokidogo, tukitazama vidole vya matumbawe: vikiyumba na kurudi, ni vizuri; vikilala upande mmoja, tunapunguza. Tumbawe lililochanika lilikufa, na jingine pamoja nalo. Lile la zambarau lilikaa limejikunja siku nyingi, kisha asubuhi moja wifi aliniita kwa kelele nikadhani ni msiba, kumbe limefunguka.

Mume wangu na mama yake walisafiri kwa mabasi kupitia nchi tatu. Nilimpokea mama mkwe kwa magoti, kama inavyotakiwa, na mikononi mwangu alikuwa mwepesi kama mtoto. Hakulijali tangi. Aliuliza kama kuna maharage, akala, akalala siku mbili.

Mume wangu hakusimulia ya Goma. Alikwenda depo, alirudi, alijibu alichoulizwa. Wifi na mimi tulikubaliana tusimsukume. Ilipita miezi. Alasiri moja ya Jumapili alikuwa anasugua ute kwenye kioo kwa kitambaa, mgongo ameutupa kwetu, mama yake anasinzia kitini, na bila kugeuka akaanza kusema. "Tulilala chini, ndani ya kanisa," alisema, "mama alikuwa anashika kiatu yangu, sababu aliogopa nitaamuka niende bila yeye." Alisuuza kitambaa, akaendelea kusugua. Wifi alitoka jikoni na mikono yenye unga, akaketi sakafuni karibu nami, naye kaka yake akaendelea kueleza.